Nchi Isiyo na Ila

Msiniulize ni nchi gani. Kulitaja jina lake kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa tangu karani wake wa mwisho apatwe na Ile Hali. Nitasema tu kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina milima miwili na wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na mimi, Hemedi Kirungi, niliitumikia kwa mkasi kwa wiki kumi na tatu. Nilikuwa mkataji hodari. Hilo hata wanaonichukia watakiri.

Ile Hali ndilo jina la ugonjwa. Majirani zetu waliupa majina ya kitaalamu, wakafunga mipaka, wakahesabu maiti zao hadharani bila haya. Sisi tuna staha. Rais wetu alitangaza redioni kwamba nchini hakuna ugonjwa, kuna hali tu, na hali yenyewe si hii wala hiyo, ni ile, yaani iko mbali. Tangu siku hiyo mtu akikohoa mpaka akaishiwa pumzi tulisema amepatwa na Ile Hali, na akizikwa tulisema hali ilibadilika.

Shida moja ikazuka. Watu walizoea kusalimiana "U hali gani?", na polisi wakawa hawajui nani anasalimia na nani anachunguza magonjwa bila leseni. Salamu hiyo ikapigwa marufuku. Mzee mmoja alikamatwa sokoni kwa kumuuliza mkwewe hali, akaachiwa alipoapa mbele ya hakimu kwamba alikuwa hajali hata kidogo. Zikabaki salamu mbili halali: "Hujambo" na "Habari za kazi". Hiyo ya pili ishikeni, nitairudia.

*

Nilikuwa karani wa Kitengo cha Afya Kazini. Watu wengi hawakijui kitengo hicho, na siwalaumu. Hospitali inamtibu aliyekwisha kuugua. Sisi kazi yetu ni kumpima mfanyakazi akiwa bado amesimama, kisha tunamwandikia cheti kwamba anafaa kazi au hafai. Tulipewa chumba kimoja ndani ya Kiwanda cha Taifa cha Magodoro. Mlikuwa na kitanda cha kupimia, mizani, na picha ya Waziri wa Kazi na Ari, Mheshimiwa Kibindo, akicheka meno yote nje.

Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa mia nane, na sisi tulikuwa saba: daktari, wauguzi watano na mimi. Daktari Pazi hali yake ilibadilika mapema. Wauguzi wawili wakamfuata. Wawili wengine walichukuliwa Ikulu kupima joto la wageni. Kufika mwezi wa nne tulibaki wawili, mimi na Sista Staamili.

Huyu Staamili alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mfupi, mwenye sauti ya kukemea na mkono mwepesi wa sindano. Wanaume wa kiwandani waliokuwa wanabeba magodoro manne kwa mara moja walisimama wima mbele yake wakijibu "Ndiyo, Sista." Aliniita kaka, nami nilimwita dada. Alikuwa na mume, Mshamu, fundi cherehani, na binti mmoja wa miaka sita aitwaye Tatu. Mtoto huyo alikuwa hajamshika tangu mwezi wa pili kwa kuogopa kumpelekea Ile Hali. Walionana langoni jioni, mtoto nje ya vyuma, mama ndani na barakoa yake, wakionyeshana vidole. Vidole viwili ni nakupenda. Vidole vitano ni umekula? Lugha yao wenyewe.

Watu mia nane aliwapima peke yake, zamu ya asubuhi na zamu ya mchana. Alilala pale pale kwenye kitanda cha kupimia, futi mbili kwa sita, ngozi imechanika na sponji limekwisha, ndani ya kiwanda kinachotoa magodoro mia tatu kwa siku.

"Si uombe godoro moja, dada?" nilimwambia siku moja.

"Niliomba, kaka Hemedi. Nimeambiwa ya hapa ni ya kuuza nje."

Kitu kimoja tu alikitaka duniani: siku saba. Sheria ipo. Wafadhili walitulazimisha kuipitisha. Inasema mtumishi wa afya aliyeelemewa na msongo wa mawazo apewe siku saba za kupumzika, na wizara imtume mtu wa kushika nafasi yake. Sheria nzuri kabisa. Ila inasema pia kwamba hakuna anayeruhusiwa kujiandikia cheti mwenyewe, na mwenye muhuri wa vyeti vya watu wa kiwanda chetu alikuwa mmoja, naye ni Staamili. Angeweza kumpumzisha mtu yeyote isipokuwa yeye. Samahani, hapo juu nimetumia neno ambalo lilikuwa halijapigwa marufuku wakati huo. Nitaeleza.

Ikabaki njia moja ya kuzipata siku saba, nayo ni Fomu.

*

Wafadhili walileta dodoso lenye maswali arobaini la kupima mioyo ya watumishi wa afya, ili atakayeonekana ameelemewa apewe siku zake saba bila cheti. Katika wiki mbili zilizopita, umelia mara ngapi bila sababu? Mara ngapi umejiona huna faida? Dodoso likapelekwa kwa Mfasiri Mkuu wa Serikali, Bwana Shekue, mtu wa adabu sana, anayebisha hodi hata akiingia ofisini kwake mwenyewe. Alisoma swali la kwanza akavua miwani.

"Mtu mzima humuulizi amelia mara ngapi," alisema. "Huo ni utovu wa adabu. Mtu mzima unamsalimu, mengine atayasema mwenyewe."

Akafasiri swali la kwanza kwa maneno haya: "Habari za kazi?" La pili akalifasiri hivyo hivyo, na la tatu, mpaka akagundua kwamba wale wageni walikuwa wanauliza kitu kimoja mara arobaini kwa kukosa malezi tu. Akayaunganisha. Fomu ikatoka na swali moja na mstari mmoja wa jibu, ijazwe kila Ijumaa.

Nanyi mnajua tulivyo. Mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Nyumba imeungua, nzuri. Mtoto yuko hoi, nzuri. Kwanza unamtuliza anayekuuliza, kisha ndipo unatua mzigo wako taratibu: nzuri, ila tumefiwa. Watumishi wa afya kazini nchi nzima, watu elfu mbili na mia nne, wakajibu swali lile kama mama zao walivyowafundisha. Matokeo yakawa asilimia mia moja nzuri.

Mheshimiwa Kibindo aliita waandishi wa habari. "Ndugu wananchi!" alisema. "Ulimwenguni kote watumishi wa afya wana msongo wa mawazo. Wa kwetu hawana! Wenzetu wamepambana na msongo, sisi tumekwenda mbali zaidi, tumeyadhibiti mawazo yenyewe!" Makofi yalipigwa kwa dakika sita. Zilihesabiwa.

Siku ya pili mpiga chapa wa wizara, mama mmoja asiye na siasa, akauliza na yale maneno mengine ayaweke wapi.

"Maneno gani?"

"Haya yaliyo baada ya nzuri. Wameandika pembeni, wameandika nyuma ya karatasi. Yote yanaanza na ila."

Baraza likakutana kwa dharura. Waziri akaagiza kamusi, akafungua mwenyewe, akasoma kwa sauti ya mahakamani: "Ila. Kasoro. Dosari. Doa." Maana ya pili ya neno hilo ilikuwa ukurasa wa nyuma, hakuugeuza. Alifunga kamusi na kuwatazama wenzake mmoja mmoja. "Kumbe! Tunawapa kalamu, wao wanaandika kwamba nchi ina ila!"

Ndipo ulipotoka Waraka Namba Tisa, kwamba nchi hii haina ila, kwamba jibu la Fomu ni Nzuri, na kwamba litakalozidi liondolewe. Mwanasheria akakumbusha kuwa wafadhili wamekataza kufuta majibu ya watu. Wakatafakari. Wafadhili walikuwa wamekataza kufuta, hawakukataza kukata.

Ndivyo nilivyopewa mkasi.

*

Nilichaguliwa kwa sababu zamani nilikuwa napunguza picha za pasi za kusafiria, na sijawahi kumkata mtu sikio. Kila Ijumaa fomu za eneo letu, mia tatu na kumi na mbili, zililetwa mezani kwangu kwenye gunia. Nilikata mara tu baada ya herufi ya mwisho ya nzuri. Koma ilileta mjadala mrefu, kama ni mali ya nzuri au mali ya ila. Wizara ikaamua kwamba koma ni dalili za mwanzo, ikatwe pia.

Vipande vilitakiwa kuchomwa kwenye tanuri la kiwanda. Mimi niliviweka ndani ya boksi la biskuti chini ya meza. Sikuwa na nia mbaya, wallahi. Ni tabia tu ya karani, hatupi karatasi. Na kwa kuwa macho sikuyafumba wakati wa kukata, nilisoma.

"ila nilisahau jina la mwanangu wa pili, nikalikumbuka jioni."

"ila jana nimewaandikia vyeti watu kumi na wawili, leo wamekuja wanane."

"ila mkono unatetemeka, samahani kwa mwandiko."

"ila naomba mtu aje. Yeyote."

Mwandiko wa Staamili niliujua kabla sijaona jina. Wiki ya kwanza: "ila sijalala siku nne." Wiki ya tatu: "ila nimeanza kuongea na mizani, na leo nimeikasirikia." Wiki ya sita kipande kilikuwa kirefu zaidi. "ila Chambi wa ushonaji alikuja na homa, nikaandika hafai. Meneja akarudisha cheti, akasema godoro haliambukizwi. Nikaandika anafaa. Amezikwa Jumatano. Muhuri ni wangu. Naona jina langu kila nikifumba macho, la bluu, limezungushiwa duara."

Hapo niliweka mkasi chini, kwa dakika mbili hivi. Zilikuwa zimebaki fomu mia moja na themanini, nikaendelea.

Siku hiyo tulikunywa chai pamoja, yeye amekalia kitanda chake, mimi stuli. Alikuwa amekonda mpaka saa ya mkononi inamzunguka. Alikikoroga kikombe muda mrefu na sukari ilikuwa hakuna.

"Kaka Hemedi, hivi zile fomu anazisoma nani?"

"Waziri mwenyewe, dada."

"Zote?"

"Zote," nikasema. "Mwanzo wake."

Akaacha kukoroga. "Na mwisho wake?"

"Mwisho unahifadhiwa." Na hapo sikusema uongo, maana boksi lilikuwa linanigusa mguu.

"Maana naandika, naandika, hakuna kinachokuja. Nikasema labda mwandiko wangu mbaya."

"Aa, mwandiko wako mzuri sana."

"Umeujuaje?"

Nikamwambia chai inapoa.

*

Msidhani wizara ilitusahau. Ilikuja kupima ari. Waziri alisema haitoshi kujua kwamba mtumishi ni mzima, tunataka kujua anaipenda kazi kiasi gani, na kipimo kikawa daftari la mahudhurio. Anayekaa kazini muda mrefu kuliko wenzake ndiye mwenye ari. Wakapitia madaftari ya nchi nzima, wakakuta Sista Staamili wa Kiwanda cha Magodoro alisaini kuingia tarehe tatu mwezi wa tatu na hajasaini kutoka mpaka leo. Siku mia na ishirini mfululizo! Mpimaji mmoja alilia. Alisema hajawahi kuona mtu anayeipenda kazi namna hii.

Sherehe ikaandaliwa uwanjani kwa kiwanda. Wakaja wapiga tarumbeta wa jeshi, likaja jukwaa, akaja Mheshimiwa Kibindo na barakoa ya hariri aliyoishusha kidevuni ili acheke vizuri.

Asubuhi ile Staamili alikuwa mtu mwingine. Alichana nywele, akapaka mafuta mikono iliyobabuka kwa dawa. "Leo nitamwambia," alininong'oneza. "Lazima ataniuliza habari za kazi mbele ya watu, hawezi kuacha. Nami nitamjibu mpaka mwisho. Nitaomba siku zangu saba pale pale. Atakataaje mbele ya watu?"

Nilimwambia ni vizuri. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeona ratiba, kwa kuwa mimi ndiye niliyeipiga chapa. Kipengele cha tano: *Mshindi atajibu Nzuri. Mara baada ya Nzuri, wimbo wa taifa.*

"Shujaa wetu!" Waziri alipaza sauti kwenye kipaza sauti. "Sista Staamili! Habari za kazi?"

Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Nzuri, Mheshimiwa," akasema, "i..."

Na tarumbeta zikalia.

Nchini kwetu wimbo wa taifa ukipigwa, mtu husogei wala huketi. Watu mia nane walisimama wima. Staamili naye alisimama wima, lakini midomo yake haikunyamaza. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka alipo na sikusikia hata neno moja, niliona tu kinywa kinakwenda, na shingo imetoka mishipa, na machozi yanamshukia kwenye barakoa. Alisema beti zote kumi na nne. Waziri alikuwa ameweka mkono kifuani akimtikisia kichwa kwa furaha, akidhani anaimba.

Wimbo ulipokwisha, na yeye alikuwa amemaliza. Wakamfunika mabegani kanga ya zawadi, ya rangi ya waridi na pindo la kijani, iliyochapishwa na wizara kwa maandishi makubwa: NCHI HAINA ILA, NAMI SINA.

*

Ijumaa ya wiki ile ile, kwenye gunia, niliikuta fomu yake. Ilijaa mbele na nyuma.

"Nzuri, ila wewe unayekata, nadhani nakujua. Kama ni Hemedi, basi ni Hemedi, sikulaumu, una nyumba. Nina homa tangu Jumatatu na kifua kinabana. Nimejipima mwenyewe, ni Ile Hali. Siwezi kujiandikia cheti. Hospitali ya wilaya hawampokei mtumishi wa kiwanda bila karatasi ya wizara. Kaka, safari hii kata upande wa pili. Choma nzuri, peleka ila. Mara moja tu. Staamili."

Nilikaa nayo mkononi. Nataka mnielewe, mimi si mtu mbaya. Nina mke, nina watoto wanne, wawili wanasoma shule ya watoto wa watumishi, ambako hufukuzwa mtoto wa mtumishi aliyefukuzwa. Nikamtazama Waziri ukutani, anacheka. Nikajiambia homa ya siku tano ni malaria hiyo. Nikajiambia Staamili ana mwili wa chuma. Nikajiambia Ijumaa ijayo, Mungu akipenda, Ijumaa ijayo nitakata anavyotaka.

Nikakata baada ya herufi ya mwisho ya nzuri. Safari hii niliweka rula. Mstari ulinyooka.

Kesho yake nilimkuta ameegemea mizani.

"Imekwenda?" aliniuliza.

"Imekwenda," nikasema.

Akanishika bega. "Ahsante, kaka. Mungu akulipe."

Alinishukuru, jamani. Mimi.

Jumatatu aliuliza kama gari la wizara limefika. Jumanne aliuliza mara mbili. Jumatano, zamu ya mchana, alikwenda kupima joto ukumbi wa mwisho, kule magodoro yanakofungwa nailoni. Alipima watu kumi na tisa. Kisha akaketi kwenye rundo la magodoro akasema, "Nipisheni nijinyooshe kidogo," akalala.

Wale wanaume walitazamana. Walikuwa hawajawahi kumwona Sista amelala. Mmoja akaenda kuzima mashine ili kelele zisimwamshe, na ile ilikuwa mara ya kwanza mashine kuzimwa tangu Ile Hali ianze. Walikaa sakafuni kimya mpaka zamu ikaisha, watu arobaini, wakimlinda usingizi. Ndipo wakaenda kumwamsha.

Hali ilikuwa imebadilika.

Meneja aliandika taarifa kwamba uzalishaji ulisimama kwa muda wa saa mbili bila idhini, na akaulizia kama godoro lile bado linaweza kuuzwa nje.

*

Tuliruhusiwa watu wanne kuzika. Alifunikwa kanga iliyokuwa karibu, na iliyokuwa karibu ni ile ya waridi, basi maandishi yakawa juu, yanasomeka. Kanzu ya Mshamu ilikuwa haina pasi. Nikamwendea kutoa mkono wa pole, na ulimi wangu ukasema wenyewe kama ulivyozoea.

"Pole sana, shemeji. Habari za kazi?"

"Nzuri," akasema Mshamu.

Nami nikageuka kuondoka. Haki ya Mungu, niligeuka. Wiki kumi na mbili za mkasi zilikuwa zimenifanya hivyo, nikisikia nzuri najua kazi imekwisha. Nilikuwa nimepiga hatua mbili aliponivuta mkono wa shati.

"Ngoja, shemeji. Sijamaliza."

Nikangoja.

"Nzuri, ila nilitaka kukushukuru," alisema. "Aliniambia wewe ndiye uliyepeleka barua yake. Jumamosi alikuja langoni ana furaha, sijamwona hivyo tangu mwezi wa pili. Alimwonyesha Tatu vidole saba. Mkono mzima na viwili vya huku. Siku saba atakuwa nyumbani. Tatu akadhani ni siku saba za kungoja, sasa kila asubuhi anakunja kidole kimoja. Jana ananiuliza, vikiisha vyote mama anakuja saa ngapi? Nimwambie nini, shemeji?"

Nilimwona mtoto amesimama karibu na ukuta, ameshika mkono wake mmoja kwa mwingine. Vilikuwa vimebaki viwili.



*

Ijumaa iliyofuata nilikata upande wa pili. Fomu zote mia tatu na kumi na moja, ya Staamili haikuwemo. Za nzuri nilizitia kwenye tanuri, zikaungua mara moja. Nikachukua na boksi la biskuti, vipande vya wiki zote kumi na tatu, nikavitia kwenye bahasha ya wizara kwa jina la Waziri mwenyewe, cha Staamili kikiwa juu ya vyote. Pamoja navyo niliweka taarifa ya kifo chake niliyoiandika kwa mkono wangu. Nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu anifungie nguo mbili na mswaki, nikaketi sebuleni kungoja polisi.

Hawakuja. Siku ya tisa ilikuja barua.

"Wizara imepokea vipande vyako elfu nne na hamsini na tano, na inakushukuru kwa usafi wa ukataji. Imesikitika, hata hivyo, kuona kwamba vyote vinaanza katikati na hakuna hata kimoja chenye jibu. Kwa kuwa swali lilikuwa Habari za kazi, na kwa kuwa jibu la swali hilo linajulikana, wizara imejaza yenyewe kwa niaba ya wahusika wote: Nzuri. Kuhusu taarifa yako juu ya Sista Staamili, daftari linaonyesha hajasaini kutoka kazini, na kwa mwezi huu anaongoza tena kwa ari. Umfikishie pongezi. Kwa kuwa muhuri wake hauna mtu wa kuushika akiwa na shughuli nyingine, utaushika wewe."

Basi ninaushika. Mimi karani, niliyesomea kupanga mafaili, ninapima watu mia nane na kuwaandikia vyeti. Jana nimewaandikia tisa, leo wamekuja saba. Nimesaini kuingia na bado sijasaini kutoka. Nalala kwenye kitanda chenye ngozi iliyochanika, na kile kipande kilichobaki cha sponji kina shimo la ubavu wake. Mkasi wamempa mtu mwingine, simjui ni nani, wanasema zamani alikuwa mshona sare. Kila Ijumaa najaza Fomu, nami naandika mpaka nyuma ya karatasi. Sijui kama anasoma.

Nyinyi je? Siku moja mtapita hapa mkiona chumba kiko wazi, mtachungulia kwa adabu, mtaniuliza habari za kazi. Nitajibu nzuri. Siwezi kujibu vingine, ndivyo nilivyolelewa. Nawaomba kitu kimoja tu. Nikishasema nzuri, msigeuke kwanza.